Pindoni, Mji Niliopewa

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ukiona unalijua, limeze na mate. Wapo watu ambao kazi yao ni kusikiliza, na wao pia wana watoto wa kulisha. Tusiwape kazi ya ziada.

Ilikuwa nchi yenye amani tele. Amani yenyewe ilikuwa nyingi hata ikawekewa askari kila kona isije ikaibiwa. Tulikuwa na Rais mmoja, na kwa kuwa alikuwa mzuri hatukusumbuliwa kutafuta mwingine. Tulimwita Baba Mnyoofu, maana hakupenda kitu kilichopinda. Alinyoosha barabara, ikapita katikati ya soko la samaki. Alinyoosha mto, mto ukaona umedharauliwa, ukahama. Ndizi nazo aliamuru zikatwe kabla hazijaanza kupinda, tukawa tunakula ndizi changa kama vidole vya mtoto, na tukishakula tulishukuru.

Siku moja wakamtandikia ramani mezani. Akaitazama, uso ukamwiva. Mpaka wetu wa kaskazini ulikuwa umepinda! Mahali pamoja ulikuwa umeingia ndani kwetu kama kiwiko cha mtu mwenye dharau, na katika kiwiko hicho palikuwa na mji mdogo wa wauza vitunguu, jina lake Pindoni.

"Nani alichora hivi?"

"Wazee wa zamani, Mheshimiwa."

"Walikuwa wamelewa?"

"Chakari, Mheshimiwa."

Basi likaanza Zoezi la Kunyoosha Mpaka. Halikuwa vita. Nasisitiza kwa kuwa na mimi nilisisitiziwa. Vita ni watu kuuana. Zoezi ni vijana kwenda na bunduki kunyoosha mstari, na ng'ambo wakawepo vijana wengine wenye bunduki wanaoupenda mstari ulivyo. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na asiyeona tofauti yake alipelekwa mahali pa kufundishwa kuiona.

Mwanangu Kibwana alikwenda kunyoosha.

*

Kibwana alikuwa fundi baiskeli, na ndiye mwanangu wa pekee. Baba yake alitangulia zamani. Toka siku niliyomzaa watu waliniita Mama Kibwana, hata jina langu la utotoni nikilitafuta sasa ni lazima nikae chini kwanza.

Walimkuta ameinama anaziba pancha. Afisa aliyekuja na lori alikuwa kijana mpole, wa kumsalimia mtu na kungoja aitikiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Tunamwazima mwanao kidogo."

"Mtanirudishia?"

"Atarudi amenyooka, mama."

Kibwana akafuta mikono kwenye suruali, jambo nililomkataza toka mdogo, akaniambia, "Mama, huyu mwenye baiskeli akija mwambie pancha ilikuwa mbili." Akapanda lori. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mama wengine wameachiwa wasia. Mimi nimeachiwa pancha mbili.

Kisha mchana mmoja akaja kijana kwa magongo, mguu mmoja haupo. Alijitaja kuwa ni Dunga, rafiki wa Kibwana huko zoezini. Nikamletea kigoda, akakataa kukaa.

"Mama Kibwana, Kibwana amebaki Pindoni."

"Amebaki anafanya nini?"

Akatazama chini. "Amebaki, mama."

Nikajua. Mtu hajui kwa masikio, hujua kwa magoti. Nilipopata nguvu nikamuuliza, kwa sababu ulimi ukikosa la kusema husema lolote, "Na mguu wako, mwanangu?"

"Haujakatwa, mama. Ofisini wameandika nimeupumzisha."

Akaniomba nisiseme kuwa alikuja, akaondoka. Niliusikia mlio wa magongo yake mpaka mwisho wa njia.

*

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtaniona mama mkaidi tu.

Kwetu mtu akifa mkeka hutandikwa uani, na watu huja kukaa na wafiwa. Mkeka huo haukunjwi mpaka mama wa marehemu, kama yu hai, awe ametia udongo kaburini kwa mkono wake. Mama ndiye aliyemfunika mtoto shuka usiku wa kwanza, basi ndiye amfunike udongo wa mwisho. Mtoto ambaye mama hakumtia udongo tunasema amelala wazi. Na mtoto aliyelala wazi, wewe mama utapataje usingizi?

Nikatandika mkeka. Majirani wakaja, wakaleta uji, wakakaa. Mama Siwatu alikuwepo, na shoga yangu Mwanasha niliyecheza naye mdako tukiwa watoto. Tulilia vizuri. Kulia na watu kuna raha yake, mwenzangu. Ukichoka wewe, mwingine anapokea.

Siku iliyofuata akaja Mtendaji wa kata na kipaza sauti, ingawa alisimama karibu nasi kiasi cha kunong'ona.

"Wananchi! Imeripotiwa kwamba hapa kuna kilio! Serikali inauliza, kwa unyenyekevu: analiliwa nani? Katika Zoezi hakuna aliyekufa! Kuna waliochelewa kurudi! Kulia bila kufiwa ni kuwasingizia walio hai, na ni kosa! Ahsanteni kwa ushirikiano!"

Mama Siwatu akakumbuka ameacha maziwa jikoni. Mwingine akakumbuka kuku wake hawajafungiwa, na ilikuwa asubuhi. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, wala sikumlaumu yeyote, maana sababu ya kweli ilikuwa moja na kila mtu alikuwa nayo nyumbani: kijana amelala kitandani.

Mwanasha alibaki. Tukakaa wawili kwenye mkeka mkubwa, tukajibana upande mmoja kana kwamba wengine watakuja. Mwisho naye akanishika goti.

"Shoga, na mimi nina Athumani."

"Nenda. Kamfiche uvunguni."

"Utakaa na nani?"

"Mkeka huu unanijua."

Akaenda. Toka hapo wapita njia wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, wakinisalimia kwa nyusi. Watoto walikatazwa kuja. Mimi watoto walikuwa wakinijia kila jioni kwa ajili ya vitendawili. Nikasema, haya, nitajitegea mwenyewe. Kitendawili! Nikajijibu: Tega. Lakini wapi. Kitendawili kinataka watu wawili. Ukijitegea mwenyewe, jibu unalo kabla hujauliza, na sijui upweke unaoshinda huo.

*

Nikasikia kuna sheria. Nchi yetu ilikuwa na sheria nzuri sana, zimefungwa kwa ngozi, na hazikuchakaa kwa kuwa hazikuguswa. Sheria ya Stahili za Mama wa Shujaa ilisema mama aliyefiwa na askari apewe bendera, apewe gunia la mchele, na apelekwe kwa gharama za serikali mpaka kaburi lilipo akatie udongo.

Bendera sikuitaka, sina mlingoti. Mchele nina wangu. Nilitaka hilo la tatu.

Nikaenda Ofisi ya Wasiorudi Bado. Ilikuwa jengo kubwa, na foleni yake ilikuwa ya akina mama watupu, nao kila mmoja alijifanya amekuja kumwulizia mwenzake. Karani aliitwa Bwana Sengo, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Unasema mwanao amekufa?"

"Ndiyo, baba."

"Nani kasema?"

Nikamkumbuka Dunga. "Magoti yangu."

"Magoti hayaapi, bibi. Utaratibu ni huu: anayedai amekufa ni nani? Ni yeye, au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi hapo ndipo palipoharibika. Kifo ni mali ya mwenyewe. Marehemu aje mwenyewe hapa dirishani, na kitambulisho, na picha mbili, athibitishe. Sisi tutamshughulikia siku hiyohiyo."

"Na akishindwa kuja?"

"Akishindwa kuja maana yake amechelewa. Akichelewa hakufa. Unaona ilivyo rahisi?"

Niliona. Kwa kweli ilikuwa rahisi mno hata nikaona aibu kuwa sikuielewa nyumbani. Nikaomba kuonana na mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa Mkurugenzi mnene mwenye sauti ya redio. Hakuniangalia, alihutubia picha ya Baba Mnyoofu ukutani.

"Mama mpendwa! Taifa linakupongeza! Mwanao ni miongoni mwa wale ambao hawana haraka! Ulimwengu mzima unakimbia, mama, lakini kijana wetu ametulia! Je, si heshima hiyo?"

"Ni heshima, mheshimiwa. Ila ametulia wapi? Nipelekeni."

"Huko hakuendeki! Huko ni salama sana!"

Akanipa Hati ya Matumaini, yenye muhuri. Nikaikunja, nikashukuru. Nilipokuwa natoka Bwana Sengo alinifuata mpaka kwenye ngazi, akajifanya ananielekeza njia. Akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa, "Bibi, mimi pia nina wadogo zangu wawili. Wamechelewa." Kisha kwa sauti kubwa: "Kushoto halafu kulia! Usirudi tena!"

Nilirudi nyumbani nikakaa mkekani. Sasa nilikuwa na hati ya kusema kwamba sina ninachokililia.

*

Kila mwaka tulikuwa na Sikukuu ya Mstari. Watu walijaa uwanjani wakapangwa kwa mstari, wakaimba kuhusu mstari, halafu likaja jambo lililopendwa kuliko yote: Baba Mnyoofu kutegua vitendawili vya wananchi.

Alikuwa bingwa. Hakuwahi kushindwa. Wizara ya Utamaduni ilimsaidia kidogo tu, kwa kuhakikisha kwamba vitendawili vyote vya nchi vina jibu moja. Jibu hilo lilikuwa yai. Mzee wa mashariki angesimama atege, "Nyumba yangu haina mlango," na Baba Mnyoofu angefumba macho, ashike kidevu, uwanja uzuie pumzi, na kisha, "Yai!" Watu wangezimia. Wa magharibi naye: "Mviringo mweupe atokaye kwa kuku?" Kidevu. Pumzi. "Yai!" Mizinga ikapigwa.

Mwaka ule kila kata ilitakiwa ilete mzee mmoja. Mtendaji akanichagua mimi, kwa kuwa najulikana kwa vitendawili, na kwa kuwa huko juu waliona vizuri yule bibi wa mkeka aonekane anacheka. Akanipa kitendawili changu kimeandikwa. Nami sikusoma sana, niliachia darasa la nne, lakini neno "kuku" nalijua.

Nikapandishwa jukwaani. Uwanja ulikuwa bahari ya vichwa. Baba Mnyoofu kwa karibu alikuwa mzee kama sisi, na mgongo wake, Mungu anisamehe, ulikuwa umepinda. Akatabasamu.

"Karibu, bibi. Tega."

Nilikusudia kutega cha kuku. Naapa. Lakini nilipofungua mdomo nikawaona wale mama wa foleni, wamesambaa uwanjani, kila mmoja peke yake katikati ya watu. Mdomo ukaenda njia yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimezaa mmoja. Hajafa, hayuko hai. Hajarudi, hayuko njiani."

Akafumba macho, akashika kidevu. "Yai!"

Bendi ikaanza kupiga. Nikasema, "Siyo, baba."

Bendi ikanyamaza, isipokuwa yule wa ngoma kubwa ambaye hakusikia, akapiga mara moja zaidi.

"Mayai mawili," akasema Baba Mnyoofu.

"Siyo."

Waziri mmoja akanong'ona, "Kuku?" Mwingine, "Jogoo?" Waziri wa Kilimo, aliyesoma ng'ambo, akasema kwa kujiamini, "Yai viza!" Nikatikisa kichwa.

Sasa hapa muelewe. Jibu uwanja mzima ulikuwa nalo. Niliona midomo ya akina mama inacheza kama ya watu wasomao dua. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na jina. Baba Mnyoofu naye alilijua; nilimwona akilitazama, likamtazama. Lakini nani angelitamka? Angelitamka angekiri kwamba kuna kijana aliyekufa, na kama kuna aliyekufa basi kuna vita.

Lakini vitendawili vina sheria yake, na sheria hiyo haikufungwa kwa ngozi, inakaa vinywani mwa watoto. Ukishindwa kutegua, unatoa mji. Aliyetega anaufikia mji huo, ndipo anasema jibu. Hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba hapo hakuna kukwepa.

Nikasema, "Mheshimiwa, umeshindwa. Nipe mji."

Na uwanja, kwa mazoea tu, kwa ule utoto ulio ndani ya kila mtu, ukapaza sauti: "Mpe mji!"

Wakajikusanya pale jukwaani kuteta. Mimi nilisimama karibu, na uzee haujanigusa masikio.

"Tumpe mji wa Mlingoti."

"Mlingoti? Ndiko ninakojenga!"

"Kisimachai basi."

"Shemeji yangu yuko kule na mashine zake za kusaga!"

"Mpe kijiji tu."

"Sheria inasema mji, watu wanatazama."

Waziri wa Mipaka akakohoa. "Mheshimiwa, upo mji mmoja hauna nyumba ya yeyote kati yetu. Wala sasa hauna nyumba ya yeyote. Pindoni."

Wote wakafurahi. Baba Mnyoofu akageukia kipaza sauti, akanyoosha mkono. "Kwa ukarimu wangu, nakupa Pindoni! Haya bibi, sema umeufikia, umepokewa, umekula, kama desturi."

Hayo ndiyo watoto wanayosema, na safari inakwisha kwa pumzi moja. Nikainama kwa adabu.

"Nimepokea, baba. Lakini mji aliotoa Rais mtu haufikii kwa mdomo, itakuwa dharau. Nitaufikia kwa miguu. Nikirudi nitasema jibu."

Alinitazama. Najua alichokuwa akipima: jibu leo, au jibu keshokutwa? Wakubwa wote, mkiwapa nafasi, huchagua keshokutwa.

"Apelekwe," akasema.

*

Hivyo ndivyo nilivyopata stahili yangu. Gari la jeshi likaja mpaka uani. Kapteni akanipigia saluti, "Mheshimiwa Mwenye Mji!" Majirani wakachungulia. Mwanasha alikuja mbio, akaniwekea mihogo ya kuchoma mkononi, akarudi mbio.

Njiani Kapteni alinieleza maendeleo. Mstari ulikuwa unanyooka vizuri sana. Ulikuwa umesogea hatua chache mbele, kisha hatua chache nyuma, na sasa ulikuwa palepale, ila imara zaidi. Wanyooshaji walikuwa wakitumia kamba na chokaa. Nikamuuliza walio mbele ya kamba wanakwenda wapi. Akasema barabara hii ina vumbi sana.

Akanishusha kwenye daraja. "Toka hapa ni mali yako, mheshimiwa. Mimi siruhusiwi."

Nikaingia mji wangu.

Maduka hayakuwa na mapaa. Mlangoni pa kinyozi bado palikuwa na picha za vichwa vilivyonyolewa vizuri, na nyuma yake hapakuwa na ukuta wa pili. Vitunguu vilikuwa vimejiotea barabarani, vimetoa maua. Nikapaza, "Jamani wa hapa!" Sauti ikazunguka, ikanirudia. Nilidhani upweke wa mkekani ndio mwisho wake. Kumbe ule ulikuwa na wapita njia.

Ndipo nikasikia ufagio.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mfupi, khanga kiunoni, anafagia mbele ya shule. Akainuka.

"Wewe nani?"

"Mwenye mji."

"Mwenye mji ni mimi."

"Nimepewa na Rais wangu."

"Na mimi nimepewa na wangu."

Tukatazamana. Yeye alikuwa wa ng'ambo, aitwa Mama Nyange. Kwao hawakuwa na zoezi la kunyoosha mpaka; walikuwa na Operesheni Linda Kona. Rais wao anapenda kona. Alikuwa amelia mlangoni pa wizara yao mpaka sauti yake ikaingia kwenye hotuba iliyokuwa ikirekodiwa, wakamuuliza atanyamazishwa na nini, akasema anataka kwenda Pindoni. "Wakasema chukua, chukua wote, ila kalie hukohuko."

"Na umemwona wako?" nikamuuliza.

Akaegemeza ufagio, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya shule, kwenye kiwanja cha mpira.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Matuta ya udongo, kutoka goli hadi goli, mengine mafupi, mengine yamekaa upande, kazi ya mtu aliyelima peke yake na jembe moja.

"Niliwakuta wamelala wazi," akasema. "Nikasema nimtafute wangu nimzike. Lakini, dada yangu, nguo zao zilikuwa za rangi mbili tu siku ya kwanza. Mvua ikanyesha, zikawa rangi moja. Na nyuso... Basi nikawazika wote. Nikajua kwamba kati yao nimemzika na yeye."

"Na wangu?"

"Na wako. Kama alikuwa hapa, basi na wako."

"Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali," nikasema.

"Wote walikuwa na suruali chafu, mama."

Nikapiga magoti kwenye tuta la kwanza, nikachota udongo, nikasema, "Kibwana, mwanangu, nimekufunika." Nikaenda la pili. "Kibwana, mwanangu." Yeye akawa nyuma yangu, anachota, "Nyange, baba yangu, nimekufunika." Tulikwenda hivyo, tuta kwa tuta, hata mgongo ukakataa, tukawa tunatambaa. Kila kijana pale alifunikwa na mama wawili, na mmoja kati ya wengi alikuwa wangu, na sitajua ni yupi. Nilitaka kulia vizuri, kama siku ile ya mkeka. Nikalia. Lakini ni kilio cha mtu aliyefika nyumba ya mwanawe akakuta milango mingi sana.

*

Makapteni wawili walikuja baadaye, wa kwetu na wa kwao, kila mmoja na kamba yake, chini ya kitambaa cheupe cha suluhu. Walipima, wakakuta mstari ulionyooka unapita katikati ya kiwanja. Wakataka sahihi ya mwenye mji.

"Pitisheni," nikasema, "ila siyo juu ya huyu."

"Wala huyu," akasema Mama Nyange.

"Wala yule."

Walijaribu. Walizungusha kamba tuta hadi tuta, huku, kule, wakakanyagana, na walipomaliza mpaka ulikuwa umepinda kuliko wazee wote wa zamani wangeweza kuupinda hata wangekunywa mwaka mzima. Kapteni wetu akautazama, jasho linamtoka.

"Nitamwambia nini Mheshimiwa?"

"Mwambie zoezi limechelewa," nikamwambia.

Wakaenda kuandika taarifa. Bado wanaandika. Baba Mnyoofu naye ananingoja nirudi na jibu, na nasikia kila siku anaombea nisirudi. Ombi lake limekubaliwa. Sirudi. Nitamwacha vipi mtoto nisiyejua kalala wapi? Nikiondoka nitakuwa nimemgeuzia mgongo, na sijui ni upande gani wa kutogeuzia.

Tunakaa, mimi na mwenzangu. Tunalima vitunguu. Kuna siku tunagombana kuhusu chumvi, tunanuniana mpaka jioni, na mji wetu wote unakuwa kimya kwa sababu ya watu wawili. Mama Nyange anakohoa siku hizi. Sipendi kuufikiria mji huu siku kitakapokoma kile kikohozi.

Asubuhi tunapita kiwanjani tukiita. Lakini sisi tuna majina mawili tu, na waliolala ni wengi, nao tunawaita Kibwana na Nyange wote, na mtu kuitwa jina la mwenzake maisha yake yote ya kufa si haki.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, kama una wako aliyechelewa, njoo. Usiende ofisini, njoo huku. Ukifika Pindoni usitafute mlango wa kubisha, milango iliungua. Simama tu barabarani uite jina la mwanao. Sisi tutaitika.